Kikapu cha Ubatizo

Jumatatu, 7 Oktoba 2019
Mazoezi shuleni. Mwalimu Kaliroi kaniteua niwe malkia katika ule mchezo wa kuigiza wa kale – mama ambaye mumewe alimtoa binti yao kafara ya vita, naye akangoja alipize kisasi. Ati nina sura yake! Nani hajui? Miaka tisa sijavua nguo nyeusi, tangu Pantelis ampige risasi Manusos wangu kwa ugomvi wa malisho. Kafungwa, katoka, sasa anakunywa kahawa mkahawani na wenzake.
Mwalimu katueleza watu wa kale walivyochinja wanyama wa kafara. Kisu hufichwa kikapuni, chini ya shayiri, mnyama asikione. Kisha humnyunyizia maji kichwani. Akitikisa kichwa – amekubali! Nikacheka hadi wakanikodolea macho. Nani asingetikisa?

Jumatano, 9 Oktoba
Padri Iakovos kaja. Alivyoisifia sana mikate yangu mikavu, nikajua kuna jambo. Ukoo wa Pantelis unataka suluhu, kwa desturi yetu ya hapa milimani Krete: niwe mama wa ubatizo wa mjukuu wake, tuwe ndugu, damu iishie hapo.
"Tena jina utachagua wewe, Argiro. Ukitaka Manusos, watamwita Manusos. Kila siku, nyumbani kwao, jina la mumeo. Hilo dogo?"
Nikamwambia, "Padri, unanimwagia maji."
Akaruka kitini, akapangusa joho. Kadhani ni kahawa.

Ijumaa, 11 Oktoba
Stratis kanyoa ndevu! Mwanangu huyu! Ndevu za msiba wa baba yake, miaka tisa. Nikamrushia taulo usoni.
"Umemuuza baba yako kwa wembe!"
"Mama, nikimuua Pantelis, nduguze watamuua nani? Mimi? Au Fanis wangu, ana miaka sita?"
 Nikajifungia bafuni, nikafungulia bomba nilie bila kusikika. Anasema kweli, nami namchukia kwa kuisema.
Nimempigia padri simu. Nimekubali.

Jumamosi, 12 Oktoba
Nimekwenda kumwona mtoto. Miezi mitano, mashavu tele. Mama yake kanikabidhi. Mtoto kanishika kidole, hakiachii. Nilitaka nimchukie. Nimeshindwa! Pantelis hakuwepo – kaenda zizini, wakasema. Makusudi, bila shaka.
Alasiri mazoezi. Mwalimu anasema mauaji hayafanywi mbele ya watazamaji. Hufanyika nyuma ya mlango, wao husikia ukelele tu. Basi nikasimama nyuma ya mlango wa darasa, peke yangu, na kisu cha mbao. Ukelele niliopaswa kuupiga haukutoka.
"Malkia, umelala huko?"
Wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa namwona Pantelis waziwazi, hata vifungo vya shati lake.

Jumapili, 13 Oktoba
Nimepanga kikapu cha ubatizo wa leo tangu asubuhi. Mafuta, sabuni, taulo, nguo nyeupe, kimsalaba cha dhahabu. Nimetungua kisu cha Manusos ukutani, nikakiweka chini kabisa. Nikakitoa. Nikapiga ishara ya msalaba. Nikakirudisha. Wazimu gani huu!
Stratis kanibebea hadi garini.
"Mbona kizito, Mama?"
Sabuni, nikasema.
Naandika garini, uani kwa kanisa. Stratis katangulia kuwasalimu. Namwona na kidevu chake cheupe, anakumbatiana nao mmoja mmoja, Fanis kamng'ang'ania suruali. Manyunyu yameanza. Kikapu kiko mapajani. Mkono wa kushoto uko ndani, chini ya taulo.
Pantelis anakuja kunipokea. Peke yake! Kofia kaivua. Kazeeka, anachechemea.
Amefika. Amesimama dirishani, mvua inamchuruzika utosini. Anautazama mkono wangu ulioko kikapuni. Anautazama muda mrefu. Haondoki.
Ametikisa kichwa.