Kamera na Mguu wa Mama Rehema

Jumatatu, 3 Novemba. Ruiru.

Nimepiga picha kigae cheupe tena. Kila asubuhi kigae kwanza, mgonjwa baadaye, ili kamera ijue nyeupe ni nini. Muuguzi ananitania ati nampiga picha mchumba wangu. Anicheke tu.

Kamera hii inagawa mwanga kwa rangi zaidi ya mia. Macho yangu yanajua nyekundu, kijani na buluu, basi. Damu yenye oksijeni hurudisha mwanga kwa namna yake, iliyoishiwa kwa namna nyingine, na kompyuta inachora ramani. Nyekundu, ngozi inapumua. Buluu, inakufa. Hakuna sindano, hakuna kisu. Bado sijazoea. Leo nimejifunga mkono kwa raba nione kama rangi itabadilika. Ilibadilika! Chai ikapoa nikiitazama.

Jumanne, 4 Novemba.

Mvua tangu nitoke nyumbani Ngoingwa. Viatu chapachapa.

Mama Rehema ameletwa na binti yake kutoka Thika. Fundi wa nguo, mjane, ana sukari miaka mingi. Kidole gumba cha mguu wa kulia na jirani yake vimekuwa vyeusi. Mguu wenyewe ameuleta safi kuliko wangu. Anataka kujua kitu kimoja tu, kama atakanyaga pedeli ya cherehani tena. Ya stima haitaki hata kuisikia.

Nikapiga. Buluu haikuishia vidoleni. Imepanda juu ya mguu mpaka karibu na kifundo. Dkt. Kariuki, daktari wetu wa upasuaji, aliitazama ramani. Kisha akasema atakata chini ya goti, Ijumaa. Akitoa vidole viwili tu, kidonda hakitapona kwenye ngozi iliyokufa.

Binti alilia. Mama alikunja leso yake mara nyingi, akaikunjua. Nimerudi nyumbani na uchungu.

Jumatano, 5 Novemba.

Situlii. Nimeushika ule mguu wodini. Pale ramani inaposema pamekufa, pana joto kama mkono wangu.

Nikapiga upya. Buluu ile ile. Kigae kiko sawa, taa ziko sawa. Nikaudhika. Halafu nikakumbuka kitufe cha kulainisha picha. Kinaondoa vidotidoti ili ramani ipendeze. Ni mimi niliyekiwasha, kwa kuwa madaktari wanapenda picha nzuri. Nikakizima.

Doa likagawanyika. Majani. Maua madogo. Kikonyo kinachopinda kutoka kidole cha mwisho hadi kifundoni. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Damu haichori maua! Kisha nikakumbuka Ijumaa, kicheko kikaisha.

Alhamisi, 6 Novemba.

Nilimuuliza Mama Rehema kama amepaka kitu mguuni. Akakataa. Nikamwonyesha picha. Mkono ukaenda mdomoni.

Hina. Ya harusi ya Rehema, huyo huyo binti anayemleta. Kabla ya kuja hospitali akaisugua kwa limau, siku baada ya siku, madaktari wasije wakasema ameleta mguu mchafu. Ikatoka machoni petu, ikabaki kwenye ngozi. Angeiacha tu, tungeiona tangu mlangoni.

"Ala! Kwa harusi hamkukuja," akasema, "na bado mmeona maua."

Dkt. Kariuki hakucheka. "Njeri, wiki yote unaniambia hii kamera haidanganyi. Sasa leo?"

Nikamwambia haikudanganya. Ilisema kuna kitu kinameza mwanga. Sisi ndio tuliokiita kifo.

Hina humeza mwanga tunaouona. Ule wa infraredi, tusiouona, huupisha. Nikaichora ramani kwa infraredi peke yake. Maua yakatoweka. Nyekundu, nyekundu, mpaka kwenye shina la vile vidole viwili. Daktari akataka ushahidi mwingine, na ana haki. Akaleta kile chombo cha kusikilizia mishipa, akakiweka juu ya mguu. Shwii, shwii, shwii. Damu inapita. Mama akauliza ni redio gani hiyo.

Daktari akachukua kalamu, akachora mguuni mstari mpya wa kukatia. Chini kabisa.

Ijumaa, 7 Novemba.

Vidole viwili. Mguu umebaki.

Nilikuwa katika chumba cha upasuaji na kamera. Pale alipokata, nyama ilitoa damu nzuri. Muuguzi alinigusa bega.

Jumatatu, 1 Desemba. Thika.

Siku hizi nauliza hina kabla ya kigae. Hina, dawa ya zambarau ya vidonda, mafuta, kila kitu. Wagonjwa wananiona mdaku.

Nimepita kwa Mama Rehema. Aliomba picha ya maua, nimempelekea. Ameibandika ukutani juu ya cherehani, pembeni ya kalenda. Anasema mpiga picha wa harusi hakukumbuka miguu yake.

Bado ana bandeji. Akavuta kiti, akaweka mguu kwenye pedeli taratibu, kisigino kwanza. Akakanyaga. Gurudumu likazunguka kidogo, likasimama. Akakanyaga tena.

Halafu akachukua futi yake ya kupimia, akaniambia nisimame wima.