Bakuli la Verna

Dada Joanne,

Huku Minnesota theluji haijaisha, na mdogo wako nanenepa kwa vyakula vya matanga. Tangu nimzike mwanangu Kristin sijakanyaga kanisani. Jana Verna wa kwaya alifuata bakuli lake alilonileteamo chakula. Nikamwambia siwezi tena kusali.

"Nani kakuomba usali, Duane? Kaa tu, sisi tutasali badala yako. Mlinifanyia hivyo nilipofiwa na mume wangu. Na bakuli ulilete kesho limeoshwa, mvivu wewe!"

Leo nimekaa kanisani kwenye benchi letu, nafasi ya Kristin ikiwa tupu. Wakasali. Nilimkasirikia Mungu, sikujiunga nao. Walipofika "utupe leo mkate wetu", midomo yangu ikacheza, bila sauti.

Bakuli nimelisahau nyumbani. Itabidi nirudi Jumapili ijayo.

Mdogo wako mzito,
Duane