Dada Haumwi, Lakini Anachechemea

Shoga, nimetoka uwanjani na dada sasa hivi.

Wamemkataa! Miezi tisa tangu apasuliwe nyonga, kaenda kwenye mtihani wa mbio wa waamuzi wa mpira, wamemkataa!

Mkufunzi kamwambia, "Unachechemea." Dada akaapa, "Siumwi hata kidogo!" Akaonyeshwa video kwenye simu. Shoga, mguu wa kushoto unakanyaga kwa woga, vilevile kama enzi za maumivu.

"Lakini siumwi," akarudia. "Wallahi siumwi." Watu wakatazama chini.

Akavua filimbi shingoni, akaelekea getini akijitahidi kunyoosha mwendo, na ndivyo ulivyozidi kupinda.

Pale akaniuliza, "Wewe hunifichi kitu. Nachechemea?"

Nikasema hapana. Akanishika mkono, akalia.