Nyota Tano na Kipande cha Godoro

Kamina, nyuma ya stesheni ya reli
Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025

Mpendwa Yaya Lucienne, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa niaba ya nyumba nzima. Je, hujambo? Goti lililokusumbua wakati wa Pasaka limetulia? Na zamu zako za usiku hapo Liège, zinakuacha ulale walau kidogo? Tunakuombea kila jioni, na Mama hataji jina la mtu mwingine kabla ya lako.

Sisi hatujambo. Kiangazi kimeshika, asubuhi tunaamka na baridi, mchana vumbi linaingia hadi kwenye sahani. Mama anakohoa kidogo, lakini anakula vizuri na bado anagombana na majirani, kwa hiyo usiwe na hofu. Mguu wake tu ndio haujabadilika. Pikipiki hawezi kuipanda tena.

Mahindi tuliyovuna Kabongo yamekauka. Yangali kule, yanangoja usafiri.

Najua kwamba Mjomba Kabange amekwisha kukupigia simu, na najua aliyokuambia: kwamba nimelaani gari, nimemtukana mbele ya watu, na kwamba kazi ya kununua gari kwa pesa zako apewe mdogo wetu Nyembo. Nimechagua karatasi kwa sababu kwenye simu mwenye sauti kubwa ndiye anayeshinda. Padre anayesafiri Jumatatu atakuletea. Soma yote, kisha uamue. Mimi nimekwisha kuamua.

Wewe mwenyewe ndiwe uliyeniandikia kwamba, kabla ya rangi na ukubwa, niangalie nyota ambazo gari lilipewa lilipogongeshwa makusudi ukutani kuonyesha kama watu wa ndani wangepona. Nilitii. Nilijifunza kwamba nyota hazifuati jina la gari peke yake, zinafuata pia mwaka wake, kwa maana majaribio ya zamani yalikuwa mepesi kuliko ya sasa. Nilijifunza pia kwamba jina lile lile likiuzwa nchi nyingine huenda likawa na mifuko ya hewa michache. Wenzangu hapa waliangalia kimo na vyuma vya mbele. Nilipotaja nyota tano, Nyembo alisimama wima kama askari wa kambini.

“Yaya, nyota tano? Hii motokari iko jenerali? Tupige saluti?”

Walicheka wote, na mimi nilicheka. Lakini gari nililipata, kwa mfanyabiashara mmoja anayeitwa Kyungu: jina lenyewe, mwaka wenyewe, nyota tano. Nilifurahi, Yaya, sikufichi. Nilimwita Mama na Mjomba waje kuliona Jumamosi iliyopita.

Hapo Mjomba alifanya jambo lililotufikisha hapa. Alikuja na pemba, ule udongo mweupe wa wazee, na kabla sijafungua hata mlango akalipaka gari mbele, kwenye mfuniko wa injini, akiwaita mababu zetu waliolala Kabongo. Unajua desturi yetu: kilichopakwa pemba ni cha ukoo, hakirudishwi. Na Kyungu anaijua pia, ingawa si Muluba kama sisi. Alisimama pembeni na mikono mgongoni, mpole kama mtu aliye kanisani. Sasa naelewa kwamba huwaacha wazee wapake kwanza.

Niliingia, nikageuza ufunguo. Kuna taa ndogo ya mifuko ya hewa, yenye picha ya mtu na mpira kifuani. Gari likiwa zima, taa hiyo huwaka kidogo kisha huzimika. Hii haikuwaka kabisa. Nikaangalia mbele ya kiti cha abiria, nikaona skrubu ambazo hazikufanana na nyingine. Ndipo nilipokumbuka jambo ambalo kila mtu hapa anajua na hakuna anayelifikiria: magari haya yanatoka Japani na usukani kulia, kisha mafundi wanauhamishia kushoto. Wakati wa kuhamisha, wanakata. Je, mifuko ya hewa nayo huhamishwa?

Nikamwomba Kyungu afungue.

“Mama, motokari haiko kuku,” akaniambia. “Hatuipasuake tumbo juu ya kuonyesha.”

“Basi minyi sitoke. Nitalala humu,” nikamjibu.

Nikafunga mlango. Niliketi humo jua likipanda, Yaya, huku watu wakikusanyika nje kama kwenye harusi. Mjomba aligonga kioo na kuniambia kwamba namwaibisha. Nyembo aliuliza kama aniletee blanketi. Nikamjibu alete, na mto pia. Mwishowe mteja mwingine alifika, akauliza mwanamke yule ndani ana shida gani, na Kyungu akaona kwamba kunitoa kwa maneno kutamgharimu zaidi kuliko kufungua. Akamwita fundi wake.

Nyuma ya kifuniko, mahali ambapo Mama angeketi, hapakuwa na mfuko wa hewa. Palikuwa na kipande cha godoro, cha manjano, kimebanwa kwa utepe wa gundi ili kifuniko kisilie barabarani. Katikati ya usukani pia hapakuwa na kitu. Nyota tano zilikuwa za gari lililokufa siku usukani wake ulipohamishwa.

Kyungu akasema magari yote ya Kamina yako hivyo na watu wanasafiri. Ni kweli, wanasafiri. Umba, mdogo wako, alisafiri pia, kwenye barabara ile ile ya Kabongo, kwenye kiti kile kile cha mbele, na tulipomzika tulisema ni Mungu. Mimi sitaki tena kumsingizia Mungu kazi ya fundi.

Mjomba aliniambia: “Kapinga, pemba yangu haiko vumbi. Ukiipangusa, unanipangusa minyi.”

Mama ndiye aliyejibu, akiwa ameegemea fimbo yake: “Kabange, ndugu yangu, minyi njo nitaikala pale. Godoro niko nayo kwangu. Sikuomba ingine.”

Watu walicheka hadi Kyungu akaingia ofisini mwake. Mimi sikucheka. Nilikwenda mbele ya gari, nikaikusanya ile pemba kwa kiganja, yote niliyoweza, nikampaka Mama kwenye paji la uso. Baraka ilikuwa yake tangu mwanzo, gari lilikuwa limeikalia tu. Mjomba aligeuka akaondoka, na hadi leo hajapita kwetu.

Usiniombe nikamwombe radhi kwa hilo. Ni kaka wa Mama, nitampigia magoti kwa mengine yote, lakini si kwa hili. Na ukiamua Nyembo anunue gari lile, itakuwa haki yako, wewe ndiwe mtoaji. Ila Mama hatapanda. Nitampeleka Kabongo kwa treni, hata ikituacha njiani, na nitakaa naye kwenye magunia.

Ninachokuomba ni hiki. Tafuta huko kwenu gari ambalo usukani wake ulizaliwa kushoto. Liwe dogo, liwe baya la sura, nyota nne zinatutosha mradi ziwe zake kweli. Uangalie kwamba halijawahi kugongwa likafumua mifuko yake, na ile taa ndogo uione kwa macho yako ikiwaka na kuzimika. Likichelewa mwaka mzima, tutangoja. Mahindi yataliwa na panya, na panya nao ni viumbe.

Wasalimie shemeji na watoto, na da Bibiche aliyeko karibu nawe. Mtoto wetu Mujinga anakusalimu, amefaulu mitihani. Mungu aliyekuvusha kote huko akushike mkono kila utokapo na kila urudipo.

Mama amekaa hapa, ananitaka nimsomee tena mstari baada ya mstari. Pemba iliyobaki kiganjani mwangu siku ile ameifunga kwenye kitambaa na kuiweka chini ya mto wake. Anasema nikuandikie kwamba anaitunza kwa gari litakalokubali kufunguliwa kwanza, na kwamba siku hiyo atamtuma mtu kumwita Kabange, kwa sababu mpakaji bado ni yeye.

Wako akupendaye, na asiyerudi nyuma,

Kapinga