Sekunde Kumi na Moja Bila Hewa

Jumatatu, 3 Machi

Safu yangu imetoka leo, ukurasa wa tisa. Nimemvaa mdogo wangu, sikumbakizia pa kujificha. Uhakiki hauna undugu — nimeshikilia hilo miaka ishirini, siwezi kulegea leo eti hadithi ni ya mtoto wa mama yangu. Mwalimu mzima wa fizikia! Kaandika fundi wa kike anavuka kutoka chombo kimoja cha angani hadi kingine bila vazi la kujikinga. Sekunde kumi na moja ndani ya utupu. Anagonga mlango mara tatu, anafunguliwa, anaishi. Nikaandika: angepasuka kama puto, damu ikichemka, kabla hajainua mkono. Na huko kugonga, asikiwe na nani? Utupu haubebi sauti!

Mhariri alicheka hadi akavua miwani. Sikufurahi kama nilivyotarajia.

Jumatano, 5 Machi

Ujumbe wa mdogo wangu asubuhi: dada, njoo maabara saa nane mchana. Usije na kalamu.

Ubaoni mwanafunzi fulani ameandika kwa herufi kubwa BWANA PUTO. Hajaufuta. Mezani chupa kubwa ya kioo iliyofunikwa juu ya sahani, na pampu ya kufyonza hewa. Ndani maputo mawili: moja limefungwa na hewa kidogo tu, lingine wazi mdomo. Akawasha pampu. La kwanza likavimba, likavimba — pa! La pili likalala palepale kama kitambaa.

"Mtu si puto, dada. Ngozi inashika, mishipa inashika. Damu haichemki. Yanayochemka ni mate ya ulimini. Atavimba, atazimia baada ya sekunde kumi au kumi na tano, na akirudishwa kwenye hewa upesi anaweza kupona. Anayepasuka mapafu ni yule aliyebana pumzi. Ndiyo maana fundi wangu alizitoa zote kwanza. Ukurasa wa nne. Uliusoma?"

Niliusoma.

"Na mlango ni wa chuma. Aliye ndani ana hewa na ana masikio. Mtetemo unapita kwenye chuma. Hilo nafundisha kidato cha pili."

Nikamwambia basi angeliandika wazi zaidi. Hata nikiwa nimeshindwa mdomo haufungi! Alikuwa anaokota vipande vya puto kimoja kimoja. Kisha akasema amemwomba mchapishaji amrudishie mswada wa kitabu kizima chenye hadithi hiyo. Jumamosi anaufuata. Haandiki tena.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepigana na mhariri. Nilimpelekea ukurasa mzima wa kukiri kosa, akanipa mistari mitatu, chini ya matangazo ya nyumba za kupanga. Marekebisho hayauzi gazeti, mama, akasema. Nikamwambia yeye si mhariri, ni karani wa matangazo. Akasema kuna watu wanasubiri kazi yangu kwa hamu.

Jioni Mama kapiga simu. Sauti ndogo. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza.

"Mdogo wako alinisomea hadithi yake mwenyewe, mwanangu. Nililia. Nikamwambia, ahsante, leo baba yenu ametoka."

Alipokata nikachukua daftari hili.

Baba alikuwa msafisha matangi kwenye kiwanda cha mafuta ya kupikia. Siku hiyo aliingia peke yake, hakukuwa na mtu wa kusimama mdomoni mwa tangi, na chini mle hewa ya kuvuta haikuwapo. Wenzake waliporudi kutoka kula walimkuta amekaa chini, kaegemea ukuta, hana uhai.

Hayo nyumbani wote wanayajua. Haya hawayajui.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Siku hiyo nilimpelekea chakula. Nilisimama kando ya tangi lile nikasikia kutoka ndani: ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko. Nikasema moyoni, Baba yuko kazini. Nikaweka bakuli kivulini, nikaenda zangu. Nilikuwa nawahi mazoezi ya kwaya.

Mdogo wangu hakuwapo. Hakuna aliyemwambia kuhusu kugonga. Alibuni tu, kama waandishi wanavyobuni. Mimi nilipofika pale kwenye hadithi yake — mara tatu, na mtu wa upande wa pili akasikia, na akafungua! — niliuona mkono wangu unatafuta kalamu. Fizikia ilikuwa kisingizio.

Ijumaa, 7 Machi

Mistari mitatu imetoka. Kila neno kweli. Haisemi kitu.

Jumamosi, 8 Machi

Nipo maabara, kwenye stuli ndefu, naandika gotini. Nilimkuta ameshaufuata mswada. Bahasha ya kaki iko mezani, kando ya pampu. Kando ya bahasha, pipa la takataka. Nikatoa kipande cha gazeti. Alisoma, akakunja vizuri, akanirudishia.

"Ahsante dada. Kuhusu utupu umenielewa. Na mlango je?"

Mlango gani? nikauliza.

"Wewe si mtu wa kusoma juujuu. Fizikia ungeniuliza kwa simu, ningekujibu, ungenitukana kidogo tukacheka. Umeandika aya nne juu ya kugonga. Nne! Kugonga kulikukosea nini?"

Mimi, ambaye sijawahi kukosa neno mbele ya waziri wala askofu, nikaanza kuifuta pampu vumbi kwa kiganja.

Akanitazama. Akasema mlinzi anataka kufunga geti kubwa, anakwenda kumwomba nusu saa. Akirudi nimjibu, akasema, au aitupe bahasha tuondoke.

Mama yuko hai. Akijua, atanitazama vipi? Na huyu je, aliyemtoa baba yake kwa sekunde kumi na moja za karatasi, nimwambie kuwa kulikuwa na mtu nje ya mlango, na mtu huyo akaenda kuimba?

Miaka thelathini na tano nimeibana pumzi hii.

Viatu vyake kwenye korido. Anakuja taratibu, ananipa nafasi. Bahasha nimeitoa mezani, nimeipakata. Kalamu nitaiweka chini akiingia. Nimegonga stuli kwa kidole, mara tatu, nione kama nitaweza kuisikia sauti ile mbele yake. Viatu vimesimama.

"Dada?"