Sentensi Moja ya Mkate

Jumatatu, 3 Juni
Jana mjukuu wangu aliniona kwenye simu, akajificha nyuma ya kiti. Miaka minne, kazaliwa ughaibuni, Kihispania kitupu — na bibi yake haeleweki. Mwanangu anasema tusimlazimishe, labda tuziache kidogo hizi simu za Jumapili. Tuziache! Nimemwomba wiki moja na sentensi moja ya Kihispania. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Leo ameituma: La niña come pan. Mtoto wa kike anakula mkate.

Jumatano, 5 Juni
Nimeikata vipande kama gauni. Kila neno na karatasi yake, nikazipachika kwa pini kwenye vitambaa vilivyokuwa mezani. Niña, mtoto wa kike. Pan, mkate. Come, anakula. Nikila mimi ni como, ukila wewe ni comes. Kumbe hata kwao mlaji yumo ndani ya kitendo! Sisi twambadilisha kichwani mwa neno, wao mkiani. Nimefurahi peke yangu. Fundi mwenzangu, Vifungo, anasema akinisikia tena nikisemesha mashati ataita daktari.

Ijumaa, 7 Juni
Aibu. Mteja wa sketi ya bluu amerudi, kiuno kimechomwa na pini, mkononi karatasi: pan. Anauliza nimemshonea dawa gani. Nikamweleza habari za mjukuu. Akalegea, akavuta kigoda, akanisikiliza sentensi nzima mara tatu. Nilikosea mara mbili. Keshokutwa ndiyo siku yenyewe.

Jumapili, 9 Juni
Amejificha tena. Naona nywele tu. Nikasema: ¿La niña come pan?
Likachungulia jicho moja. Kisha yote mawili. Akacheka, akamwaga maneno, sikuambulia hata moja — mara akakimbia. Nikajua nimemkosa. Mwanangu akasema, subiri, mama.
Amerudi na sahani mbili, kila moja na kipande cha mkate. Moja yake, moja kaiweka mbele ya simu. Mwanangu ananitafsiria: hatakula mpaka bibi naye awe na wake mkononi.
Na humu ndani hamna hata ganda la mkate! Vifungo, aliyekuja kusikia matokeo, ametoka mbio kwenda dukani. Simu haijakatwa. Mimi naandika, mjukuu anachora. Nikiinua kichwa, naye anainua. Mkate wake hajaugusa —