Simu ya Lydie Iliita Mfukoni Mwangu

Mpendwa Mama Mshauri, naomba msaada, na tafadhali usitaje jina langu hewani, mimi ni kijana wa mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, mtoto wa kwanza, na tangu utotoni nyumbani waliniita ingénieur, yaani injinia, kwa sababu babu alikuwa fundi wa reli na mimi nilikuwa nafungua kila redio niangalie ndani, leo diploma ya umeme ninayo ila kazi sina, namngoja mjomba aniombee nafasi mgodini, naye kila siku ananiambia nivumilie, huku mdogo wangu Lydie, aliyesomea umeme nyuma yangu, hakumngoja mtu, alivaa buti zangu za kazi akazijaza vitambaa ndiyo zimkae, akazunguka karakana na makampuni akiomba mafunzo, wakamcheka, akarudi, mpaka wakamchukua, na siku alipopata diploma mama alimmwagia poda ya pongezi kichwani barabara nzima ikiona, akipiga kelele, « Ingénieur yetu njo huyu! », jina langu hilo, Mama, jina langu!

Sasa Lydie aliibiwa simu sokoni, kwa hiyo alipoomba kazi aliandika namba yangu, maana kwetu namba ya mkubwa ndiyo namba ya nyumba, na juzi mgodi mmoja ukapiga, aje Jumatatu asubuhi kufanya mtihani wa kuajiriwa, nikajibu nitamwambia, sijamwambia, kila jioni ananiita yaya, mkubwa wake, akiuliza kama wameshapiga simu, « Yaya, banaisha kupiga? », nasema, « Bado », naye ananiwekea bukari, ugali wetu. Namwonea wivu, na akiipata kazi hiyo mimi nitabaki nani pale nyumbani? Nijibu upesi, kwetu redio yako haizimwi mchana, Lydie huipandisha sauti akipika.

Yaya, pole, barua yako nimeisoma yote hewani, nami Mama Mshauri nakujibu. Kupitwa na mdogo wako kunauma, sitakudanganya. Lakini usinililie sana. Lydie hakukuibia jina, wewe uliliacha likae nyumbani likimngoja mjomba. Buti zilikuwa zako, mbona hukuzivaa? Ukimkosesha mtihani huu hutakuwa injinia hata kidogo, na aibu hiyo utaila pamoja na bukari yake kila jioni.

Mpe namba iliyopiga, leo hii. Jumatatu umsindikize mpaka kwenye geti la mgodi, umwombee kwa moyo mmoja hata kama moyo unakataa. Kisha tafuta buti nyingine, uanzie kwenye karakana zile zile zilizomcheka yeye. Mjomba mwache apumzike.

Uliniomba nisitaje jina lako, sikulitaja. La mdogo wako hukuniomba nilifiche, na ulijua saa hizi yuko jikoni redio iko juu. Nadhani ndiyo maana uliniandikia mimi.

Lydie, mwanangu, banaisha kupiga. Mtihani ni Jumatatu asubuhi. Epua sufuria kwanza, halafu umuulize yaya wako namba, iko naye mfukoni.